Nani Bendi ya Miaka ya Themanini?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasikilizaji waliokosa kipindi.)

Ndugu msikilizaji, majuzi nilikuwa nyumbani Heru Juu, Kasulu, kwenye arusi ya mtoto wa kaka yangu. Arusi za siku hizi unazijua. Muziki unatoka kwenye simu, simu inaunganishwa na spika, na spika inawafikia hata wale ambao hawakualikwa. Ilipofika saa tisa alasiri, vijana walipokuwa wamekwenda kula, dereva mmoja wa bodaboda aliyeachiwa simu akaona awafurahishe wazee. Akaweka zilipendwa. Ukapigwa "Neema" wa Mlimani Park, ukafuata "Karubandika" wa Maquis, kisha, bila kufikiri yuko wapi, akaweka "Kifo" wa Remmy Ongala. Arusini! Mama wa bibi arusi akamtupia jicho, wimbo ukakatwa katikati, lakini mjadala ulikwisha kuanza.

Mwalimu mmoja mstaafu alisema kwamba kwa miaka ya themanini hakuna cha kubishana, bendi ilikuwa moja, Mlimani Park, wana Sikinde. Mfanyabiashara wa mbao aliyetoka Kasulu mjini akamkatalia. Akasema Sikinde ni mtoto wa Msondo, na mtoto hamzidi mzazi. Yule dereva, ambaye miaka ya themanini hata mama yake alikuwa bado hajaolewa, akasema yeye kura yake anampa Remmy, kwa kuwa nyimbo zake ukizipiga leo ni kama zimetungwa wiki iliyopita. Hapo ndipo yule bwana wa mbao akatamka maneno yaliyonifanya niandike mazungumzo ya leo. Alisema, "Remmy hahesabiki. Remmy Mkongo. Na hao Maquis nao Wakongo. Sisi tunazungumza bendi ya Tanzania."

Pakawa kimya. Mwalimu akaangalia kikombe chake. Baba yangu mdogo, mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye muda wote alikuwa kama amesinzia, akafungua macho.

Nawe msikilizaji uliyeko Mtwara au Moshi huenda usielewe kwa nini neno hilo liwanyamazishe watu namna ile. Nitarudi hapo. Kwanza tuuchukue mjadala wenyewe, maana ni mjadala mzuri na haukuanza arusini kwetu. Kila palipo na watu wawili waliozidi miaka arobaini na redio moja, utausikia. Kosa linalofanyika karibu kila mara ni kwamba watu wanakubaliana kubishana kabla ya kukubaliana kipimo. Mmoja anapima kwa gitaa, mwingine kwa idadi ya nyimbo, mwingine kwa ukumbi aliokutana na mke wake.

Kipimo cha kuuza sahani hakifai kwetu. Tanzania ya miaka ile haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Nyimbo nyingi zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Kwa hiyo bendi ingeweza kupendwa nchi nzima na isiwe na sahani hata moja dukani. Kipimo cha ukumbi nacho kinawafaa watu wa Dar es Salaam, kwani wao ndio waliokuwa wakitoka kwa miguu Jumamosi jioni kwenda kuwaona wanamuziki kwa macho. Sisi wa vijijini tulikuwa na kitu kimoja tu, redio.

Mimi nilizaliwa mwaka 1980. Baba alikuwa na redio ya National yenye mkanda wa ngozi, na ilikaa juu ya kabati mahali ambapo mtoto hafiki. Umeme Heru Juu haukuwepo. Betri zilikuwa adimu kama sabuni na sukari, na kila aliyeishi miaka ile anajua maana ya neno adimu. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ilikwisha, hazina ya nchi ikabaki tupu, na duka la kijiji likawa na mizani, daftari na muuzaji, bidhaa hamna. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi. Kwetu watu walijua njia za porini za kwenda Burundi, na waliorudi walirudi na kitenge na miche ya sabuni, wakiwa wametembea usiku. Betri nazo zilikuja kwa njia hiyo hiyo. Zikiisha nguvu, tulizianika juani juu ya bati la jirani, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na zikishapata joto zilitoa nusu saa nyingine ya muziki. Nusu saa hiyo haikuchezewa. Taarifa ya habari kwanza, salamu za wagonjwa pili, muziki baadaye.

Mchana, nakumbuka, Bujumbura ilisikika safi kuliko Dar es Salaam. Jioni Dar ilikuja, ikienda na kurudi kama mtu anayezungumza huku akitembea. Stesheni ya Bukavu nayo ilipenya, na Kiswahili chake tulikielewa bila kutafsiriwa. Mtoto wa Heru Juu alikua na miji mitatu ndani ya kisanduku kimoja, na muziki wa miji yote mitatu ulikuwa wa magitaa yaleyale yanayokimbizana. Kuweka mstari kati ya wimbo wa Zaire na wimbo wa Tanzania lilikuwa jambo la mtangazaji. Kwetu sisi tofauti kubwa ilikuwa moja: huu tunaelewa maneno, ule hatuelewi.

Na Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa kila kitu kwa mwanamuziki. Katika majengo yake ya Barabara ya Pugu ndimo bendi zilimoingia kurekodi. Nyimbo ziliwekwa kwenye tepu, maneno yakakaguliwa kwanza, na wimbo uliopita ukaanza kusafiri nchi nzima bila kuhitaji lori wala duka. Malipo yalikuwa madogo, na kupigwa kwa wimbo mara elfu hakukumwongezea mtunzi chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja kutungwa mwaka 1999, wakati baadhi ya watunzi walikwisha kuzikwa. Marijani Rajabu, yule tuliyemwita Jabali la Muziki, aliyetuachia "Zuwena", "Mwanameka" na "Georgina", alifariki Machi 1995 akiwa na umri wa miaka arobaini hivi, na hakuacha mali inayolingana hata na wimbo mmoja kati ya hizo.

Jambo jingine la kukumbusha ni kwamba bendi nyingi hazikuwa za wanamuziki. Vyombo viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni walikuwa nazo mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hatimaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Hata jeshi na polisi walikuwa na bendi zao. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, kama karani. Ndiyo maana alipoona mshahara bora kwingine alihama, na wasikilizaji wakahuzunika kama ndugu amehama mji.

Basi tuangalie wagombea wenyewe.

Miaka ya sabini naiacha kando, kwa kuwa pale hakuna ubishi mkubwa. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, kana kwamba alitaka kuufunga mwongo wake mwenyewe kwa mkono wake. Wapo watakaomtaja Patrick Balisidya na Afro 70, waliotuwakilisha Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977, na sitagombana nao.

Themanini ndiyo ngumu. Msondo walikuwapo, imara kama mbuyu. Vijana Jazz walikuwa na Hemed Maneti, sauti ambayo ukiisikia huulizi ni nani, na mpaka alipofariki mwaka 1990 sidhani kama kulikuwa na kijana wa shule ya sekondari asiyeujua "Mary Maria". Bima Lee walikuwa na Magnet Tingisha. Na Maquis, nitakuja kwao.

Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 katika baa iliyoitwa hivyo hivyo, Mlimani Park, chini ya kampuni ya usafiri na teksi iliyojulikana kwa kifupi TTTS. Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka JUWATA. Abel Balthazar alikuwepo, Cosmas Chidumule alikuwepo, na Michael Enoch, mtu mzima aliyekwisha kupita Dar es Salaam Jazz, ndiye aliyewapanga wote kama fundi anavyopanga matofali. Kampuni ile ilipotetereka, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikawa DDC Mlimani Park. Mwaka 1985 wakapata pigo. Gurumo, Bitchuka na Balthazar na wenzao waliondoka kwenda kuanzisha Ndekule, bendi ya Orchestra Safari Sound. Watu walidhani Sikinde imekwisha. Haikuisha. Ikaziba nafasi, ikaendelea, na baadhi ya waliohama wakaja kurudi.

Mimi bado naiweka Sikinde ya kwanza, nikubaliane na mwalimu, na sababu yangu si magitaa, ingawa magitaa yale mpaka leo yananisimamisha njiani. Nyimbo zao zilikuwa kama barua. Zilianza kwa mtu fulani mwenye shida fulani. Mtoto anawashukuru wazazi. Mume amekosana na mkewe na anajua kosa ni lake. Mtu yuko mbali na kwao na habari alizopata si nzuri. Zilichukua muda kueleza, dakika sita, saba, na baada ya maelezo ndipo zilipokuchezesha. Nchi ambayo kila nyumba ilikuwa na mtu aliyesafiri, na ambayo barua kutoka Dar kufika Kasulu ilichukua wiki nyingi, iliuhitaji muziki wa namna hiyo. Mama yangu hakuwahi kumwona Chidumule. Televisheni Bara ilianza miaka ya tisini. Lakini aliposikia "Nawashukuru Wazazi Wangu" aliweka jembe chini, akaniambia nisikilize vizuri, kwa sababu, alisema, huyo anazungumza na mimi. Sikujua kama alimaanisha mimi au yeye.

Hata jina lenyewe. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na walipoiita "ngoma ya ukae" walikuwa wanasema kwa Kizaramo kwamba ni ngoma ya nyumbani. Sasa nyumbani kwa nani? Hakuna Mzaramo Heru Juu. Ngoma zetu sisi ni nyingine kabisa. Lakini tuliikubali ya nyumbani kwao ikawa ya kwetu, wala hakuna aliyetuuliza kibali. Hilo naomba ulikumbuke, maana sasa ninarudi kwa yule bwana wa mbao.

Anasema Maquis wafutwe kwenye orodha. Maquis waliingia Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya sabini wakitokea Zaire, na hawakuondoka. Walijifunza kutunga kwa Kiswahili chetu, wakaunda kampuni yao wenyewe ili wasiwe chini ya shirika la mtu, na mitindo yao, Kamanyola na Ogelea Piga Mbizi, ilichezwa mpaka shule za msingi. Ndala Kasheba aliyepiga gitaa lake la nyuzi kumi na mbili alifariki mwaka 2004 baada ya maisha marefu ya kazi hapa hapa. King Kiki, aliyekuja miaka ya sabini akitokea Lubumbashi, alifariki mwaka 2024, na waliomlilia walikuwa Watanzania waliocheza nyimbo zake kwa karibu nusu karne.

Na Remmy? Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kwa mjomba wake, Makassy, aliyekuwa na bendi. Makassy alipohamia Nairobi, Remmy akabaki na kuingia Super Matimila. Mwenyewe alijiita Sura Mbaya, na sisi watoto wa Heru Juu, kwa kuwa hatukuwa na picha yake, tulibuni sura ya kututisha usiku. Nilipokuja kumwona kwenye gazeti nilisikitika kidogo, maana alikuwa mtu wa kawaida mwenye nywele ndefu. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na tamasha la WOMAD. Huko walimrekodi nyimbo zake kwa ajili ya maskini, na dunia ikamjua. Aliimba "Mnyonge Hana Haki" katika nchi ambayo kila siku iliambiwa kwamba mnyonge ndiye mwenye nchi. Ukimwi ulipoanza kuwamaliza watu na wakubwa wakawa wanazungumza kwa mafumbo, alitoa "Mambo kwa Soksi", akasema wazi kuhusu kondomu, redio ikaona aibu kuupiga wimbo huo. Watu waliupata kwenye kaseti. Mpaka leo ukipanda daladala Dar es Salaam unaweza kumwambia kondakta akushushe Sinza kwa Remmy. Mwenye nyumba amefariki tangu Desemba 2010, kituo kingali chake.

Basi mtu ambaye kituo cha basi kinaitwa kwake, tunamwambia hahesabiki?

Mimi sikumpa Remmy nafasi ya kwanza. Nampunguzia alama kwa sababu kuna nyimbo zake zilizorefuka kuliko wazo lake, na kwa sababu miaka ya themanini alikuwa zaidi mtu wa mjini, kwetu sauti yake ilizidi kufika mwisho wa mwongo ule. Hizo ni sababu za muziki na mtu anaweza kunibishia. Dereva wa bodaboda alinibishia, na alinibana vizuri. Lakini kumfuta kwa sababu ya mahali alipozaliwa ni hukumu nyingine, na ukiianzisha hutajua pa kuisimamisha.

Tazama Kenya. Ukimwuliza Mkenya wa umri wangu wimbo uliopigwa sana nyumbani kwao, usishangae akikutajia "Sina Makosa" wa Les Wanyika, wa mwaka 1979. Les Wanyika walitoka kwenye Simba Wanyika, bendi ya Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga waliopitia Arusha wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Watanzania wengi walipiga katika bendi hizo. Tukiufuata utaratibu wa bwana wa mbao, Kenya irudishe nyimbo zetu kesho asubuhi. Na sisi tuwarudishie Wacuba rumba yao, iliyoletwa na sahani za santuri miaka ya thelathini na arobaini, ikawapa Salum Abdallah na wenzake hata jina la bendi, Cuban Marimba ya Morogoro. Tukimaliza kurudisha tutabaki na nini cha kuchezea arusini?

Sasa nieleze kile kimya.

Heru ilikuwa moja ya himaya za Waha, yenye Mwami wake, kabla Mjerumani hajafika. Vilima vyetu na vilima vya Burundi ni ukoo mmoja wa vilima. Muha akisema "mwakeye" asubuhi, Mrundi haulizi tafsiri. Watu walioana, walifuatana na ng'ombe, walipelekeana chumvi ya Uvinza. Mwaka 1972 wakimbizi waliingia, mwaka 1993 wakaingia tena kwa maelfu, makambi yakajengwa Kasulu na Kibondo. Tangu hapo Muha akisafiri ndani ya nchi yake huwa anabeba swali mgongoni. Wewe ni Muha wa huku au wa kule? Babu yako alizikwa wapi? Jina hili mbona la Kirundi?

Mwaka 2001 nilikuwa nakwenda kusoma uandishi wa habari. Nilisafiri na baba mdogo, huyu huyu wa arusini, aliyekuwa anakwenda kutibiwa macho. Kwenye kizuizi kimoja barabarani, sitasema wapi, kijana mwenye sare alipanda basi, akatuteremsha watu sita. Sote tulikuwa wa Kasulu. Tulikaa chini ya mwembe karibu saa mbili. Mimi niliulizwa nitaje jina la diwani, kisha nihesabu kwa Kiswahili kuanzia ishirini kurudi nyuma, nami nilihesabu, nikakosea kwenye kumi na tatu kwa sababu ya hasira. Zamu ya baba mdogo ilipofika aliulizwa ana uthibitisho gani kwamba ni Mtanzania.

Karatasi hakuwa nayo. Alizaliwa kijijini na hakuna aliyeandika. Akaanza kueleza kwamba mwaka 1959 alichukuliwa manamba. Kama wewe ni kijana, manamba walikuwa vibarua walioandikishwa kwetu na kupelekwa kwa treni kukata mkonge, Tanga na Morogoro, kila mmoja na namba yake. Waha walikwenda kwa maelfu. Yeye alipelekwa Kimamba, Kilosa. Akasema alikata mkonge miaka sita, na mikono yake akaionyesha. Kisha akasema, "Nimecheza Cuban Marimba Morogoro, Salum Abdallah mwenyewe akiimba. Nilikuwepo aliyekufa alipokuwa hai. Mrundi gani alikuwepo?"

Mzee wa watu alidhani ametoa ushahidi usiopingika. Yule kijana mwenye sare akamwuliza, Salum Abdallah ndiye nani?

Hatukuachiwa kwa ajili ya Cuban Marimba, msikilizaji. Tuliachiwa kwa sababu dereva wa basi alichoka kungoja, akapiga honi mpaka mkubwa wao akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Baba mdogo alirudi kwenye kiti chake akakaa kimya mpaka Tabora. Aliudhika kwamba kijana hakumjua Salum Abdallah kuliko alivyoudhika kwamba aliteremshwa.

Kwa hiyo pale arusini bwana wa mbao aliposema fulani hahesabiki kwa sababu ni wa kule, kila mtu aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa na mwembe wake anaoujua. Bwana wa mbao mwenyewe ni Muha. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa anarudia maneno aliyokwisha kuambiwa yeye, ila safari hii alikuwa upande wa mwenye kuuliza, na upande ule una raha yake.

Kuhusu tepu za Barabara ya Pugu, zipo. Redio Tanzania ikawa Taasisi ya Utangazaji, ikawa Shirika la Utangazaji, na maktaba ikarithiwa. Tepu huzeeka kama betri za baba yangu, na hizi hazianikwi juani zikapona. Ombi langu kwa wanaohusika ni kwamba kazi ya kuzihamishia kwenye mitambo ya kisasa isichague kwa majina makubwa peke yake. Wapo waliorekodi nyimbo nne tu wakitoka Tabora, Kigoma au Mwanza, wakarudi kwao, na hatuna pengine pa kuwasikia. Dereva wa bodaboda ana nyimbo za Sikinde na Remmy kwenye simu yake kwa kuwa kuna watu waliozinunua na kuzisambaza. Za hao wengine hana, na hajui kwamba hana.

Mjadala wetu uliishia hivi. Mwalimu, ili kuwatoa watu kwenye kimya, alipendekeza kura, mtu mmoja jina moja, mkubwa na mdogo. Sikinde wakapata nyingi. Dereva akampigia Remmy, na kwa mshangao wa wengi, mama wa bibi arusi aliyekata "Kifo" naye akampigia Remmy, akasema alichokataa ni wimbo, si mtu. Bwana wa mbao akawapigia Msondo. Maquis walipata kura mbili, moja ya mpishi.

Ikabaki kura ya baba mdogo. Akaulizwa, mzee, bendi yako ya miaka ya themanini? Akajibu bila kusita, "Cuban Marimba."

Mwalimu akamwinamia kwa heshima, akamweleza kwamba Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, na hapa tunazungumzia themanini. Mzee akasema anajua alikufa lini, maana alikuwa Kimamba habari zilipofika. "Lakini themanini yote," akasema, "betri zilipokuwepo, mimi nilikuwa nangoja wampige huyo."

Mwalimu akaiandika.